Kabla Hujamwachia Fundi Kompyuta Yako: Mwongozo kwa Wateja wa Unguja na Pemba

Wakati wa masika, miaka michache iliyopita, niliipeleka kompyuta yangu ya mpakato kwa fundi mmoja mjini Chake Chake kwa sababu ilikuwa haiingizi chaji. Nilimkabidhi juu ya meza ya kioo iliyojaa simu zilizofunuliwa. Yeye akachana kipande cha boksi la chaja, akaandika kwa kalamu ya wino mzito maneno mawili, "nyeusi, chaji", akakibandika juu ya mfuniko. Hicho ndicho kilichokuwa hati pekee ya makabidhiano yetu. Jina langu halikuwamo, tarehe haikuwamo, wala bei. Niliona muhali kuomba zaidi ya hapo, kwa kuwa fundi yule ni mtoto wa jirani yake shangazi yangu, na kumwambia mtu wa namna hiyo "niandikie" nilihisi ni sawa na kumwambia kwamba simwamini.

Siku tatu alizoniahidi zikawa wiki tano. Nilipoifuata, kompyuta iliwaka na ikaingiza chaji, nikalipa shilingi 120,000, nikashukuru, nikaenda zangu. Nyumbani ndipo nilipoona kwamba inachukua dakika nzima kufungua faili moja. Rami, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, iliyokuwa ya GB 8 ilisomeka GB 4. Maksi za wanafunzi wa mihula miwili na picha za marehemu mama yangu hazikuwamo, kwa sababu Windows ilikuwa imepigwa upya bila ya mimi kuulizwa, na skrubu mbili kati ya kumi za upande wa chini hazikuwapo. Niliporudi dukani, fundi aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, una ushahidi gani kwamba ilikuwa nane?" Sikuwa nao. Hadi leo sisemi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeibadilisha, kwa sababu duka lilikuwa na vijana watatu na mashine ilikuwa imepita mikononi mwa watu nisiowajua. Nasema kwamba mimi, mwenye mali, sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Tangu siku ile nimezisaidia familia kadhaa na skuli yetu kupeleka vifaa kwa mafundi, na nimejifunza kwamba ugomvi kati ya mteja na fundi huamuliwa siku ya kukabidhi, si siku ya kupokea. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba kompyuta inamhitaji fundi

Visiwa vyetu havivihurumii vyombo vya umeme. Upepo wa bahari unabeba chumvi na unyevunyevu, na vitu hivyo hutua kwenye viunganishi vya shaba ndani ya mashine na kuacha kutu ya kijani inayozuia umeme kupita. Umeme wenyewe tunaupata kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na wakaazi wa Unguja hawajaisahau ile miezi ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya ule ulipoharibika. Siku hizi umeme hukatika kwa muda mfupi tu, lakini kule kukatika na kurudi ghafla ndiko kunakoziua chaja. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza awe chaja. Azima nyingine yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko, ambazo kwa kompyuta nyingi za mpakato ni 19 au 19.5, yenye ampea zisizopungua za chaja yako na ncha inayoingia bila kulazimishwa, kisha jaribu.

Ikiwa haiwaki kabisa, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika bila ya kukiachia, halafu rudisha umeme na ujaribu tena. Ikiwa feni inasikika lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, basi tatizo limo kwenye kioo au waya wake, na mteja anayefika dukani na habari hiyo haambiwi kirahisi kwamba ubao mkuu, ule unaounganisha vifaa vyote vya ndani, umeungua. Mara nyingine kinachozuia kompyuta isiwake ni uchafu kwenye meno ya rami, ambao fundi huutoa kwa kuyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli na kuirudisha rami mahali pake. Ni kazi ya dakika chache, na si vibaya kumwomba aifanye mbele yako kabla hajataja bei ya jambo kubwa.

Maji yakimwagika juu ya kompyuta, usiiwashe "kuangalia kama imepona". Izime, chomoa kila kitu, ipeleke kwa fundi siku ileile. Maji ya bahari na chai ya maziwa ni mabaya kuliko maji matupu.

Hatua ya pili: okoa kazi zako kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu rami inanunuliwa tena dukani lakini picha ya mama haina duka.

Kompyuta ikiwa bado inafanya kazi, nakili kila kitu chenye thamani kwenye diski ya nje au flashi, na nakala nyingine uiweke mahali pasipokuwa nyumbani kwako, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usiamini kwamba nakala ipo kwa sababu tu umeona mstari wa kijani ukijaa. Ichomeke flashi kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili kadhaa, hasa zile kubwa, ndipo utakapojua kama zimehama nzima.

Kompyuta ikiwa imezimika, usikate tamaa, maana diski inayohifadhi faili zako ni kifaa tofauti na huenda ni nzima kabisa. Mwambie fundi aitoe, aitie kwenye kasha la USB, na kazi zinakiliwe kwenye diski yako ukiwa umekaa pale pale. Zaidi ya hayo, unaweza kuomba jambo ambalo wateja wengi hawajui kwamba wana haki ya kuliomba, nalo ni kuondoka na diski yako. Fundi anayetengeneza tundu la chaji, kioo, kibodi, feni au bawaba hana haja na faili zako, kwa sababu anaweza kuijaribu mashine kwa flashi yenye Windows au kwa diski yake ya majaribio. Mimi siku hizi hurudi nyumbani na diski mfukoni, imefungwa katika kitambaa kikavu. Fundi mwaminifu hakasirishwi na hilo, na wengine hufurahi, kwa kuwa lawama ya faili kupotea inawaondokea. Zipo kompyuta nyembamba za kisasa ambazo hifadhi yake imechomelewa juu ya ubao mkuu na haitoki. Kwa hizo, nakala ni lazima ipatikane kabla au makubaliano ya kutofuta yaandikwe kwa maneno yasiyo na utata.

Jambo jingine la kuliangalia ni kufuli la diski. Kompyuta nyingi zenye Windows za miaka ya karibuni hufunga diski kwa BitLocker, na fundi akibadilisha ubao mkuu au akigusa mipangilio fulani, mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute ukiwa bado na nafasi, uuandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti vyako. Usimpe fundi isipokuwa wakati unapohitajika, nawe ukiwapo.

Nawaomba wasomaji waseme wazi neno hili wanapoacha kompyuta: "Usipige Windows mpaka uniulize." Mafundi wengi huitumia njia hiyo kama dawa ya kila ugonjwa kwa sababu ni ya haraka na mara nyingi inafaulu, lakini haitibu tundu la chaji lililolegea. Kwangu mimi ilikuwa hasara bila ya faida hata moja.

Hatua ya tatu: andika wasifu wa mashine

Kazi hii haizidi robo saa, nayo ndiyo jibu la lile swali nililoulizwa. Piga picha upande wa chini wa kompyuta ili namba ya utambulisho isomeke na idadi ya skrubu ionekane, kisha mfuniko, kingo, kioo kikiwa kinawaka, kibodi na matundu yote ya pembeni. Palipo na mkwaruzo piga picha ya karibu, maana mkwaruzo wa zamani hulinda pande zote mbili. Ukiupiga picha, fundi hatasingiziwa, na ule usiokuwamo katika picha utajulikana ni mpya.

Ikiwa Windows inafunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha lenye ukurasa wa utendaji wa mashine, na humo utaona aina ya prosesa, ukubwa wa rami, kasi yake, na hata rami imekaa katika nafasi ngapi kati ya zilizopo. Piga picha ukurasa huo. Diski iliyouzwa kama GB 256 itasomeka kama 238 hivi, na ya GB 512 itasomeka 476 au karibu na hapo. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, wala hujaibiwa. Kwa betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ripoti hiyo ihifadhi kwenye simu. Betri nzima ikibadilishwa kwa iliyochoka, kwa macho hutajua, lakini namba zitasema.

Kwa mashine isiyowaka, mwombe fundi aufungue mfuniko wa chini mbele yako na upige picha vibandiko vya rami na diski, kwa karibu kiasi cha kusomeka ukubwa na namba zake. Kama rami ipo moja na nafasi ya pili ni tupu, hakikisha na nafasi hiyo tupu inaonekana.

Hatua ya nne: mchague fundi kwa maswali

Uliza watu waliotengenezewa vifaa miezi sita iliyopita au zaidi, si waliotengenezewa juzi, kwa sababu kazi mbovu hujificha kwa wiki chache. Pendelea duka lenye mahali pa kudumu na linalotoa risiti ya kielektroniki inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kijana mwenye kipaji anayefanyia kazi barazani kwao anaweza kuwa hodari kuliko wenye duka, na ninawajua wa namna hiyo, lakini kwake wewe ndiye utakayebeba karatasi na kalamu.

Swali ambalo watu wa Pemba hatupaswi kulisahau ni hili: "Kazi hii utaifanya wewe mwenyewe hapa, au utaipeleka kwingine?" Spea nyingi hazipatikani Chake Chake wala Wete, na kompyuta zenye ugonjwa wa ubao mkuu mara nyingi husafirishwa kwa boti hadi Unguja, pengine zikavushwa hadi Dar es Salaam. Kusafirisha si kosa. Kosa ni kusafirisha mali ya mtu bila ya kumwarifu. Mkikubaliana isafirishwe, elewaneni nani anabeba dhamana ikipotea au ikivunjika njiani, taka risiti ya mzigo yenye tarehe, na hakikisha kompyuta imefungwa ndani ya boksi gumu na kuviringishwa plastiki, kwa kuwa mzigo unaokaa sitahani hupigwa na maji ya chumvi. Diski, kama nilivyosema, ibaki kwako.

Hatua ya tano: andikianeni

Najua ugumu uliopo hapa, nao ni muhali. Sisi ni watu wa kujuana. Fundi ni shemeji wa mtu, au ulisoma naye chuoni, au mnasali msikiti mmoja, na kumtolea karatasi kunaonekana kama kuvunja udugu. Lakini dini yetu wenyewe imetuamrisha tuandike tunapodaiana, na haikusema tuandike na maadui tu. Nimeona kwamba ukitanguliza maneno mazuri jambo linakwenda bila ya shida. Mimi husema: "Kijana wangu, mimi ni msahaulifu, na wewe una mashine nyingi. Tuandike ili nisije nikakudai kisicho changu." Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Hati yenyewe inaweza kuwa nusu ukurasa wa daftari, nakala mbili, mfano wa hii:

"Leo tarehe fulani, mimi fulani nimempa fundi fulani wa duka fulani kompyuta ya aina fulani yenye namba fulani, ikiwa na rami ya GB 8, bila ya diski, pamoja na chaja moja. Tatizo lake ni kwamba haiingizi chaji. Fundi atachunguza kwa malipo ya shilingi kadhaa, na atanijulisha ugonjwa na bei kabla ya kuanza kutengeneza. Hatafuta faili wala kubadilisha kifaa chochote bila ya idhini yangu kwa maandishi ya simu. Kifaa kibovu kitakachotolewa kitarudishwa kwangu. Kazi itakuwa tayari tarehe fulani, na ina dhamana ya siku thelathini kwa tatizo hilohilo."

Yapo mambo mawili ndani ya hati hiyo ambayo nayasisitiza. La kwanza ni malipo ya uchunguzi, kwa sababu fundi asiyelipwa kuchunguza hulazimika kutafuta riziki yake katika matengenezo, hata pale ambapo hayahitajiki. Ni haki yake alipwe kwa muda na ujuzi wake ingawa mwisho utaamua kutotengeneza. La pili ni kurudishiwa kifaa kibovu. Ukirudishiwa rami iliyokufa, unajua kwamba ilikufa kweli, na ukirudishiwa maneno matupu hujui kitu. Ikiwa fundi anataka arubuni ya kununulia spea, mpe kwa malipo ya simu ili ujumbe ubaki, na taja katika hati kwamba ni sehemu ya bei.

Hatua ya sita: linda siri za nyumba

Kompyuta ya familia ina picha za harusi, picha za wanawake wakiwa ndani bila ya baibui wala mtandio, barua, matokeo ya hospitali. Nimeshuhudia aibu iliyotokea pale picha za ndani zilipoonekana kwenye simu ya mtu asiyehusika, na madhara yake hayakwisha kwa kuomba radhi. Kuingia bila ya idhini katika taarifa za mtu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Zanzibar pia, lakini sheria huja baada ya picha kusambaa.

Kwa hiyo, kama diski haitoki, fungua akaunti nyingine ya mtumiaji isiyokuwa na faili, na hiyo ndiyo umpe fundi nywila yake. Toka kwenye barua pepe, mitandao ya kijamii na WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta. Hii ya mwisho unaweza kuikata kutoka kwenye simu hata kama kompyuta haiwaki, kwa kufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kivinjari kinachohifadhi nywila zako kisafishe. Akaunti hiyo ya muda haimzuii mtu mjuzi aliyekusudia ubaya, kwani mwenye diski mkononi anaweza kuisoma kwa njia nyingine ikiwa haijafungwa kwa ufunguo, na ndiyo sababu nikatangulia kusema uondoke nayo.

Hatua ya saba: siku za kusubiri

Mawasiliano yawe kwa ujumbe wa maandishi, na mkizungumza kwa simu, malizia kwa kumwandikia: "Tumekubaliana kioo kipya kwa bei uliyotaja, nakusubiri Alkhamisi." Akikuambia amegundua ugonjwa mwingine, omba picha. Tarehe ikipita, nenda mwenyewe, omba uione mashine kwa macho, na mpange tarehe mpya moja tu. Tarehe ya pili ikipita bila ya sababu inayoeleweka, una haki ya kuichukua kompyuta yako kama ilivyo na kulipa uchunguzi peke yake. Mimi nilisubiri wiki tano kwa sababu kila nilipopiga simu niliambiwa "kesho, inshallah", nami nikaona haya kwenda.

Hatua ya nane: kupokea

Usiende kupokea wakati duka linafungwa, wala mchana wa Ijumaa watu wanapokimbilia msikitini. Nenda asubuhi, na usilipe kwanza. Weka kompyuta mezani, hesabu skrubu, linganisha namba ya utambulisho na picha yako, washa, fungua tena ule ukurasa wa utendaji na usome rami na diski. Chomeka chaja uone kama asilimia inapanda, kisha itikise ncha kidogo. Tundu lililochomelewa vibaya hukata chaji hapo hapo. Andika kwa kila herufi ya kibodi, jaribu sauti, kamera, Wi-Fi na kila tundu la USB, ikunje na kuikunjua mara kadhaa. Iache ikiwaka kwa muda wa dakika ishirini huku ukizungumza na fundi kuhusu alichofanya. Joto lisilo la kawaida au kuzima ghafla kutajitokeza ndani ya muda huo.

Ikiwa umeuziwa diski "mpya", zipo programu za bure, kama vile CrystalDiskInfo, zinazosoma saa ambazo diski imefanya kazi tangu iundwe. Diski iliyotoka kiwandani ina saa chache sana. Yenye saa elfu kadhaa imetoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na bei yake iwe ya mtumba.

Yote yakiwa sawa, lipa, chukua risiti, na fundi aandike dhamana kwenye nakala yako ya hati.

Hatua ya tisa: mambo yakiharibika

Rudi dukani ndani ya siku moja au mbili, bila ya kuifungua kompyuta wala kuipeleka kwa fundi mwingine, kwa sababu mkono wa pili ukishaingia hakuna atakayekubali lawama. Zungumza na mwenye duka faraghani, si mbele ya wateja wake, kwani mtu anayetetea jina lake hadharani hawezi kukiri kosa hata akilijua. Mwonyeshe picha, mwonyeshe hati, taja unachotaka kwa kiasi kamili: rami ya GB 4 irudishwe, au thamani yake.

Asipokubali, mwandikie barua fupi yenye tarehe na umpe muda, mfano siku saba, ubaki na nakala. Baada ya hapo unaweza kwenda kwa sheha wa shehia lilipo duka. Sheha si hakimu, lakini anawajua watu wake, na nimeona magomvi ya namna hii yakimalizika mbele ya ofisi yake kwa nusu saa, pande zote mbili zikiwa na heshima yao. Ikiwa suala ni huduma mbovu au udanganyifu wa kibiashara, Zanzibar ina sheria ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ndiyo yenye kazi ya kupokea malalamiko ya wateja. Wapelekee hati, risiti, picha na nakala ya barua yako, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Ikiwa ni wizi wa wazi au picha zako zimesambazwa, nenda kituo cha polisi moja kwa moja.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungojea barua wala sheha. Ukigundua kwamba faili zimefutwa, izime kompyuta dakika ileile na usiitumie tena, usipakue programu, usinakili chochote ndani yake. Katika diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka, kilichofutwa hubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwa hiyo kila dakika ya matumizi inakula faili zako. Diski za SSD, yaani za kisasa zisizo na sahani, hazina subira hiyo. Nyingi hujisafisha zenyewe baada ya kufutwa, na nafasi ya kupata kitu ni ndogo. Anayefanya kazi ya kurudisha aichomeke diski kwenye kompyuta nyingine, na anachokipata akihifadhi kwenye diski tofauti.

Yangu ilikuwa ya sahani, nami niliitumia kwa siku tatu kabla ya mtu kuniambia haya. Mtaalamu mmoja wa Unguja alinipatia picha 61, zote zikiwa zimepoteza majina na nyingine zikiwa zimekatika nusu, na katika tatu kati ya hizo mama yupo mzima, amekaa ukumbini anachambua mchele. Maksi hazikupatikana. Niliwaomba wanafunzi waniletee madaftari yao ya mitihani, na waliokuwa wameyahifadhi nikawahesabia upya, usiku, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari.